Vifaranga wa Agosti

Simu ililia jioni ya tarehe 18 Agosti, mimi nikiwa bado navua buti zenye matope. Alikuwa mama mmoja wa Tanga ninayemwita Shangazi ingawa hatuna udugu wa damu. Anaishi ghorofani, mkabala na ghuba ya Humber, magharibi mwa Toronto, na dirisha lake la jikoni linatazama Ziwa Ontario. Nikamwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi kama mtu aliyebanwa na habari.

"Mwanangu, yule bata wangu wa chini ya mkungu kaangua leo! Wamo saba, wadogo kama vitumbua. Sasa wewe uliyesomea ndege niambie, si kachelewa huyu? Watoto wa wenzake wanaruka tayari."

Huo anaouita mkungu ni mti mwingine kabisa, ila tumeshazoea. Na ndiyo, bata kachelewa. Kachelewa vibaya. Kazi yangu ni kuhesabu ndege wa majini kwenye ufuo huu, hasa vifaranga, kuanzia majani yanapochipua mpaka baridi inapotufukuza. Mwezi Mei na Juni daftari langu hujaa vifaranga wapya kila asubuhi. Julai wanapungua. Agosti nikiona mama na kundi la siku moja, nasimamisha baiskeli.

Nilimwahidi Shangazi nitamwandikia maelezo marefu, maana kwenye simu huwa ananikatiza. Haya ndiyo maelezo yenyewe, na wengine mnaokaa karibu na maziwa ya huku someni pia.

Bata tunayemzungumzia ni bata kichwa-kijani, ambaye dume lake hung'aa kichwa kama mgongo wa nzi wa kijani, na jike ni la kahawia lenye michirizi. Ndiye babu wa karibu bata wote wanaofugwa duniani, isipokuwa yule mzito mwenye mapele mekundu usoni anayetambaa kwenye nyua za pwani yetu, ambaye kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwenye kufuga huyo wa mapele anajua kwamba huatamia siku 35 hivi. Kichwa-kijani huatamia siku 26 hadi 28. Hutaga yai moja kwa siku, na hakai juu ya mayai kwa dhati mpaka yametimia au yanakaribia kutimia, ndiyo maana yaliyotagwa kwa juma zima huanguliwa siku moja.

Basi tuhesabu kurudi nyuma. Vifaranga saba, tuseme yai moja liliharibika, kwa hiyo mayai manane. Kutoka 18 Agosti toa siku 27: alianza kuatamia 22 Julai. Toa na siku za kutaga: yai la kwanza lilitua 15 Julai au karibu na hapo.

Ufukweni huku bata wa kwanza huwa wanataga mwezi Aprili. Sasa huyu alikuwa wapi miezi mitatu?

Watu wengi humdhania uvivu, au umri, au kwamba ni bata jike mgeni asiyejua majira. Inawezekana ni jike la mwaka wa kwanza, maana hao huanza nyuma ya wakubwa. Lakini nikipata kundi la Agosti, jambo la kwanza linalonijia kichwani ni viota vilivyopotea. Kiota cha bata kiko chini, kwenye nyasi au kichakani, na mji huu umejaa rakuni. Huyo ni mnyama wa ukubwa wa paka mnene, mwenye vidole vya mwizi, anayefungua mapipa ya taka usiku na kula mayai kama karanga. Ongeza mbweha, kunguru, mbwa walioachiwa kamba, na kicheche wa huku ambaye akikupulizia harufu yake utachoma nguo. Utafiti uliofanywa North Dakota na kuchapishwa mwaka 1985 ulikadiria kuwa idadi ya bata kichwa-kijani inaweza kujishikilia ikiwa viota 15 tu kati ya 100 vinafika kuanguliwa. Isomeni tena namba hiyo. Bata anaishi katika dunia ambayo kiota kupotea ni jambo la kawaida, na uwezo wake mkubwa ni kuanza upya.

Akinyang'anywa mayai, hupumzika siku kadhaa, wiki, wakati mwingine zaidi, kisha hutafuta mahali pengine na kutaga tena. Akinyang'anywa hayo, tena. Kila mara gharama ni ileile. Yai moja lina uzito wa gramu 50 hivi, na mama mwenyewe ana kilo moja na kidogo. Mayai kumi ni karibu nusu ya mwili wake, yametoka kwenye mafuta aliyobeba na konokono na wadudu aliowala ndani ya wiki chache. Ndiyo sababu viota vya kurudia huwa na mayai machache. Nane ya Julai haishangazi.

Kinachoshangaza ni kwamba alipata dume. Hapa ndipo mwenyewe nilipokuna kichwa. Bata wa ukanda huu hufuata urefu wa mchana: siku zikirefuka baada ya baridi, homoni zinaamka, zikishakuwa ndefu kwa muda, mwili wenyewe hufunga duka, hata jua likiwa bado kali. Madume hutangulia kufunga. Ifikapo Julai wengi wao wameshapukutisha ile kijani yote, wamevaa rangi ya majike na kujificha matetini, hawawezi hata kuruka. Jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa wiki moja hivi au zaidi, lakini si tangu Mei.

Dhana yangu kuhusu huyu ni damu ya kufugwa. Bata wa bustanini si wa porini mtupu. Mashariki ya Amerika Kaskazini, tangu miaka ya 1920, bata waliokuzwa mashambani walikuwa wakiachiliwa kwa wingi ili wawindaji wapate cha kulenga, na vipimo vya vinasaba vinaonyesha wameacha alama kubwa kwa bata wa porini wa upande huu. Juu ya hao weka bata weupe wanaotupwa bustanini na wenye nao waliochoka kuwafuga. Bata wa kufugwa walichaguliwa vizazi kwa vizazi watage muda mrefu kuliko wa porini. Dume lenye damu hiyo linaweza kuwa bado na hamu Julai, na jike vilevile. Kwenye picha ya Shangazi mama ana baka jeupe kifuani ambalo kichwa-kijani halisi hana. Siapi, lakini ningeweka pesa hapo.

Sasa turudi kwa vitumbua vyenyewe.

Siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, kifaranga hutoboa kwa mdomo kile chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai na kuanza kupumua. Akishapumua, analia. Ukiweka sikio karibu na kiota (msifanye hivyo, mimi nina kibali) unasikia vilio vidogo kama mlango wa kabati unaodai mafuta. Mama hujibu kwa sauti ya chini. Mwanasaikolojia Gilbert Gottlieb, aliyefanya kazi miaka mingi North Carolina, alionyesha kwamba vifaranga wa bata huzaliwa wakiwa tayari wanaitambua sauti ya mama wa jamii yao, na kwamba wakizuiwa kusikia sauti zao wenyewe wakiwa ndani ya yai, utambuzi huo huharibika. Nikiwa mwanafunzi niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea. Yaani kifaranga anajifundisha sauti ya mama kwa kujisikiliza yeye mwenyewe.

Wakishatoka wote, mama huwakalia mpaka malaika yao, yaani manyoya laini ya kuzaliwa nayo, yakauke, kwa kawaida siku moja hivi. Hawali. Wamebeba kiini cha yai tumboni, kinawatosha siku hizo za mwanzo. Asubuhi inayofuata hutoka wote kwa mstari kuelekea majini, na mara nyingi hiyo ndiyo safari ya hatari kuliko zote katika maisha yao: barabara, mitaro, njia ya baiskeli. Wa Shangazi walikuwa na mita sitini tu za nyasi. Bahati.

Kuwapima umri hatuhitaji kuwakamata. Tunatumia jedwali la Gollop na Marshall la mwaka 1954, ambalo bado liko kwenye begi la kila mhesabu bata Amerika Kaskazini. Daraja la kwanza ni manyoya malaika matupu, mpaka siku ya 18 hivi. La pili, manyoya halisi yanachomoza ubavuni na mkiani, anaonekana kama mtoto aliyevalishwa koti la kaka yake. Huendelea hivyo mpaka siku ya 45. La tatu amekamilika kwa macho lakini bado hajaruka. Siku ya 55 hivi anapaa.

Kifaranga wa Agosti na wa Mei hupita madaraja hayohayo. Tofauti ni dunia anayoikuta.

Chakula kwanza. Wiki mbili tatu za mwanzo kifaranga wa bata ni mla wadudu. Anahitaji protini ya kujenga misuli na manyoya, na chanzo kikubwa ni usubi wa ziwani pamoja na funza wao wekundu wanaoishi kwenye tope. Mimi nimezaliwa Mwanza. Wenzangu wa Ziwa Viktoria wanawajua ndugu wa hao: lile wingu jeusi linalosimama juu ya maji kama moshi wa meli, likija upande wako unafunga mdomo na madirisha. Huku mawingu makubwa hutokea majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi. Utayaona mwezi Mei yakiwa yameganda kwenye kuta za maghorofa, watu wanalalamika, mimi nahesabu chakula cha vifaranga. Mwezi Agosti bado wapo, ila kwa kudonoa donoa. Ghuba za mjini zina rutuba nyingi (tusiulizane inatoka wapi), kwa hiyo konokono wadogo na vijidudu vya maji havikosekani. Lakini kifaranga hutumia muda mrefu zaidi kushiba, na muda wenyewe umepungua. Mwishoni mwa Juni mchana wa Toronto unapita saa 15. Katikati ya Agosti haufiki 14. Mwishoni mwa Septemba ni 12 tu, kama nyumbani.

Maji pia yameshuka. Ziwa Ontario kwa kawaida hufika kilele mwezi Juni, halafu hushuka taratibu mpaka majira ya baridi. Ile miaka ya mafuriko, 2017 na 2019, lilipanda mpaka likaingia kwenye visiwa vya Toronto, na viota vya ukingoni vilikwenda na maji. Miaka ya kawaida, Agosti ni mwezi wa ukingo wa tope: vichaka ambavyo vifaranga wa Mei walijificha chini yake sasa viko nchi kavu, na kundi huvuka mahali peupe mbele ya shakwe na korongo. Chini ya maji kuna samaki mwenye mdomo kama wa mamba na kobe wa majini anayeng'ata. Hao sina haja ya kuwaeleza sana. Wanakula kifaranga wa mwezi wowote.

Joto la mwisho wa kiangazi lina balaa lake pia. Kwenye maji yaliyotuama na kupungua hewa, bakteria wa botulizimu huzaa sumu ndani ya mizoga, funza wanaokula mzoga huibeba, bata anakula funza, shingo inalegea, anazama akiwa hai. Nikiona mzoga mmoja ghubani mwezi Agosti nauondoa siku hiyohiyo.

Lakini kwa kifaranga aliyechelewa, naogopa zaidi manyoya ya mama yake. Bata hawabadilishi manyoya ya mbawa moja moja kama njiwa. Huyaangusha yote kwa pamoja, wakakaa wiki tatu nne bila kuruka mpaka mapya yakue. Madume hufanya hivyo mapema kwa sababu hawalei. Jike husubiri watoto wakaribie kuruka, kisha huenda mahali penye mateti mazito na kubadilisha. Jike aliyeangua Mei ana nafasi kubwa: Julai ameshaachana na watoto, Agosti anabadilisha, Septemba ni mzima. Hebu sasa tumpigie hesabu mama huyu. Toka 18 Agosti siku 55 ni 12 Oktoba. Akikaa mpaka siku hiyo ndipo aangushe mbawa, atakuwa hawezi kuruka mpaka katikati ya Novemba, mwezi ambao madimbwi ya huku huanza kufanya utando wa barafu asubuhi, na yeye amekonda kwa kuatamia kiangazi kizima. Mwili wake hautamruhusu kungoja hivyo. Majike wa mwisho wa msimu aghalabu huwaacha watoto mapema, wakiwa na wiki sita au saba, au hata pungufu.

Shangazi atasema huyo si mama. Shangazi, mtoto wa bata hujilisha mwenyewe tangu mwanzo, na akiwa daraja la pili la jedwali hujipasha moto mwenyewe. Anachokosa mama akiondoka ni macho ya kuangalia juu.

Je, watapona? Inategemea ziwa. Kundi hilihili la 18 Agosti lingekuwa kwenye ziwa dogo kaskazini mwa jimbo, ningesema moja kwa moja kwamba linakimbizana na barafu, na siku ya kuruka ingewakuta karibu na mlango kufungwa. Ziwa Ontario ni jingine. Lina kina cha wastani cha mita 86, na penye kina kirefu ni mita 244. Maji mengi hivyo hushika joto la kiangazi kama chungu kilichofunikwa, na ni nadra sana ziwa zima kuganda. Ghuba ndogo huziba, ila midomo ya mito na bandari huwa na maji wazi, na bata kichwa-kijani wengi hawaendi popote, wanakaa Toronto majira yote ya baridi pamoja na maelfu ya bata wanaoshuka kutoka Aktiki. Kwa hiyo mtoto wa hapa halazimiki kusafiri siku ya pili baada ya kujua kuruka. Hilo humwongezea wiki kadhaa za kunenepa.

Hata hivyo sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tafiti nyingi za bata zimeonyesha kuwa walioanguliwa mapema ndio wanaorudi kwa wingi kutaga mwaka unaofuata. Wa mwisho huingia kwenye baridi wakiwa wepesi, na wepesi ndio wanaopungua kwanza.

Nyumbani neno "kuchelewa" lisingekuwa na maana hii. Bata mdomo-njano wa Naivasha na nyanda za juu za Tanzania anakaa mahali ambapo mchana hauchezi mbali na saa 12 mwaka mzima. Yeye huitazama mvua. Zikinyesha vizuri, mabwawa yakajaa na majani yakaota, anataga, mwezi uwe wowote. Anayechelewa kule ni yule aliyeangulia kwenye bwawa la msimu wakati mvua zimekatika na maji yanarudi katikati. Kifaranga wake anatembea kwenye tope lililopasuka akifuata dimbwi linalomkimbia. Nimeyaona hayo, na sijui lipi afadhali kati ya barafu na ukame.

Sasa lile la ugali. Shangazi alikiri siku ya tatu: "Nimewamwagia ugali kidogo, wameupenda." Nilivuta pumzi, maana kumkataza mtu aliyekuzidi miaka thelathini kuna adabu zake. Ugali, mkate, wali, ni wanga mtupu. Unamjaza tumbo kifaranga ambaye saa ileile angekuwa anatafuta funza wa kumjenga manyoya, na yeye ndiye asiye na siku za kupoteza. Tena chakula kikimwagwa mahali pamoja huita shakwe na, usiku, rakuni. Ukiona kundi limesimama barabarani, zuia magari kwanza, uwaache wavuke na mama yao. Usiwabebe nyumbani. Kwa sheria ya ndege wahamao ya Kanada, ya mwaka 1917 iliyoandikwa upya 1994, kuwachukua bila kibali ni kosa, na mama ambaye hukumwona mara nyingi yuko matetini mita kumi anakusubiri wewe uondoke.

Daftari langu la ghuba ya Humber linasema hivi. 19 Agosti, saba. 25 Agosti, watano. 3 Septemba, wanne, daraja la kwanza likiishia. 20 Septemba, wanne, wamevaa koti la kaka. Tarehe 1 Oktoba mama hayupo. Nilizunguka mateti yote kwa darubini sikumwona. Watoto walikuwa wamejibanza pamoja na kundi la bata wakubwa karibu na gati, ambayo ni akili nzuri. Tarehe 9, watatu.

Tarehe 14 Oktoba nilikuwa mkutanoni, simu ikatetemeka mfukoni mara nne. Nikatoka nje kupokea. "Wameruka!" Shangazi alikuwa anapiga kelele, nikasikia sufuria ikidondoka nyuma yake. "Wawili wamezunguka mpaka kwenye daraja wakarudi. Wa tatu kaangukia ndani ya mashua ya watu. Nimeshuka kumtazama, ananiangalia tu."

Nikamwambia asimguse, asimpe ugali, nakuja.